Daftari la Kiwanja cha Ndimu

Ndimu zilipokufa, zote nane,
matawi yamejifunga mafungu kama fagio kuukuu,
ami Mahfudh alisema: tieni majani ya mbuzi, yaishe.
Mama akasema hapana.
Akanunua daftari la shule kwenye duka la Sinaw,
akaandika juu, kwa herufi za Kizungu zilizolala upande:
MAJARIBIO.

Karafuu, miche mitatu.
Ilitoka Wete ndani ya taulo bichi,
katika begi la Bi Thuwaiba, chini ya nguo za harusi.
Tuliijengea kibanda cha makuti ya mtende,
tukaikogesha asubuhi na jioni kama vichanga.
Ikatimiza arubaini yake.
Siku ya arubaini na moja upepo wa Juni ukapita kiwanjani,
kama mtu kafungua mlango wa tanuri
akasahau kuufunga.
*Imekufa*, aliandika Mama.
Siku ile hakupika.

Kisha akaja bwana shamba wa wizara, kijana,
kanzu imepigwa pasi hata inakata,
na mfuko wa kinwa, mbegu ndogo kama chawa.
"Hii haiogopi chumvi," alisema.
Kweli, haikuogopa.
Ikasimama, ikachanua mikia myekundu,
na kabla hatujanoa mundu
ndege wa wadi nzima walishapeana habari.
*Imefaa. Kwa njiwa.*

Maji yetu ya falaji ni nusu saa,
kila siku ya nane, saa nane za usiku.
Zamani zamu zilipimwa kwa nyota.
Siku hizi zinapimwa kwa kundi la simu,
na ugomvi ni uleule.
Mitende kumi na tisa hunywa kwanza, ndiyo wenye nyumba.
Kinachobaki huenda kwa wageni,
na haba na haba ile haijawahi kujaza kibaba.

Usiku mmoja ami Mahfudh alisimama na tochi
mguu mmoja juu ya jiwe la kuzibia.
"Mnawanywesha wasafiri," alisema kwa Kiarabu,
"na wenyeji wana kiu."
Mama akamjibu kwa Kiswahili,
lugha ambayo ami huisikia akitaka:
"Mimi nilifika hapa na sanduku moja, shemeji.
Nani aliniondolea jiwe?"
Maji yalikuwa yanapita na dakika zetu.
Ami akatazama simu, akatazama mitende,
akainama.

Maji yale yakaenda kwenye muhogo.
Vipande vitano vya mti, vimeshindiliwa mchangani.
Miezi kumi na moja Mama hakutaka kuchimba,
akichuma kisamvu tu, majani machache,
akakitwanga taratibu kama anayehesabu fedha.
Tulipochimba: mizizi mitatu,
mkubwa wao sawa na kidole gumba cha ami.
Tulichemsha. Tulikatiana.
Nilipouliza umeiva vipi, Mama alikuwa anatafuna
macho kafumba,
na daftari siku ile halikuandikwa kitu.

Lakini nyuma ya bomba la kutawadhia,
mahali ambapo hakuna aliyepima udongo,
Mofizul alikuwa amefukia mbegu mbili za kwao Sileti,
bila kumwambia mtu.
Mung'unye ukanywa udhu wetu mwaka mzima.
Ukatambaa ukutani, ukaruka uchochoro,
ukapanda mifupa ya ndimu ya nne
na kuitundika matunda ya kijani, marefu,
mpaka jirani akauliza tumefufua mti kwa dawa gani.

Mama akatoka na daftari.
Akamwita Mofizul, akampa kiti, akakohoa.
"Jina lako linaandikwaje?"
Alitaja herufi moja moja,
akifuta mikono kwenye shuka lake la kiunoni,
na Mama akaziandika polepole, kila moja na mahali pake.

Ami Mahfudh, mlangoni, na mung'unye kwapani:
"Na huu unapikwa vipi?"
Hakuna aliyemjibu mara moja.
Mofizul alikuwa anahesabu mistari iliyobaki kwenye ukurasa.
Aliomba miwili.